Msomaji wa Ijumaa

Katika maisha yangu yote ya kuandika nimeshika nafasi ya kwanza mara moja tu, na ilikuwa kwa makala ya jinsi ya kusonga bada. Mimi mwenyewe sijawahi kusonga bada. Nimezaliwa milimani Lushoto, kwetu ni ndizi na ugali wa mahindi, na hata huo ugali mke wangu hunitoa jikoni anaponiona nimeshika mwiko. Lakini kwa miaka mingi mtu yeyote aliyeandika kwenye simu yake maneno "bada na mlenda wa Kizigua" aliletewa mimi kwanza, juu kabisa, mbele ya watu wote wanaojua kupika. Wiki tatu zilizopita Mwanahawa alinipigia kutoka Korogwe. Sauti yake ilikuja inabubujika kama ya mtu aliyetumbukizwa kwenye pipa, nikamwambia asogee penye mtandao, naye akapaza: "Mtandao mzima, Msomi! Simu ndiyo mbovu. Nasema Mama Mgaza ametutoka. Tunamzika kesho Kwedizinga, baada ya adhuhuri." Kisha akakata, kama anavyokata uzi kwa meno.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipowajua hao wawili. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya fasihi na suruali mbili, na nilikuwa nimeona aibu kurudi nyumbani mlimani kueleza shahada hiyo inafanya kazi gani. Nikaishia Korogwe, chini ya mlima, kama gunia lililodondoka kwenye lori. Nilipanga chumba cha nyuma katika nyumba iliyotazamana na stendi. Kilikuwa na dirisha moja lililofunguka kwenye ukuta wa jirani, kwa hiyo mandhari yangu ya mwaka mzima ilikuwa tofali za saruji na bomba la maji lililokuwa likitoa jasho. Mbele, barazani, kulikuwa na maisha. Upande wa kulia Mama Mgaza alikuwa na meza tatu na majiko mawili, akipikia abiria. Upande wa kushoto Mwanahawa alikuwa na cherehani yake na mdomo wake. Mabasi ya kaskazini yalisimama pale kwa dakika chache, abiria wakashuka wakinyoosha migongo, wakala wamesimama, wakapanda. Mama Mgaza aliwapakulia bila kuangalia sahani. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa basi, na nilidhani anahesabu wateja.

Kazi niliyokuwa nayo sikuwahi kuieleza vizuri kwa mtu yeyote. Kulikuwa na bwana mmoja wa Dar es Salaam, sikupata kumwona uso hata siku moja, nilimwita Meneja kwa sababu ndivyo alivyosaini barua pepe zake. Alikuwa na tovuti ya makala, nami niliziandika katika kibanda cha intaneti nyuma ya stendi, kwenye kompyuta ambayo herufi "m" ilihitaji kupigwa kama mlango. Meneja alinifundisha yote ninayoyajua kuhusu wasomaji, ambayo ni machache na yanasikitisha. Usianze na unachotaka kusema, alisema. Anza na kile watu wanachoandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Wanaandika "dalili za mimba", andika Dalili za Mimba. Weka maneno hayohayo kwenye kichwa cha makala, yarudie kwenye sentensi ya kwanza, yaweke kwenye vichwa vidogo, yaandike hata chini ya picha, maana mtambo unaotafuta hauoni picha, unasoma maelezo tu. Omba kurasa nyingine ziielekeze yako. Na usitumie neno ambalo mtu hawezi kulitamka akiwa na njaa. Wakati huo nilikuwa na blogu yangu pia. Makala yake ya kwanza iliitwa "Mkonge na Upweke wa Mwanadamu". Ilipata wasomaji wanne. Watatu kati yao nilikuwa mimi, kwenye kompyuta tofauti.

"Leo umeandika nini, Msomi?" Mwanahawa angeuliza nikirudi jioni kula.

"Jinsi ya kuondoa chunusi."

"Na wewe mwenyewe chunusi zako umezipeleka wapi? Au mganga hajigangi?"

"Muache mwenzio ale," Mama Mgaza angesema. Yeye aliniita Mwalimu, ingawa nilimweleza mara nyingi kwamba sifundishi. "Mwalimu, ongeza mlenda. Mtu mwembamba hivi, upepo wa basi utakubeba."

Nilijifunza kula bada pale. Ni ugali wa muhogo, mzito, wa rangi ya ukuta uliokosa chokaa, unateleza kooni ukiwa na mlenda kama vile unajua njia. Jioni moja, sahani ikiwa mbele yangu, nilikuwa najigamba kwa Mwanahawa jinsi makala yangu ya chunusi ilivyofika ukurasa wa kwanza. Nilimweleza kwamba mtu akiwa Mwanza, akiwa Sauzi, popote, akiuliza kwa maneno yale, ataletewa nilichoandika mimi hapa Korogwe. Mwanahawa akacheka kwamba basi chunusi zangu zimefika Sauzi kabla yangu. Lakini Mama Mgaza aliweka mwiko chini.

"Mtu wa Sauzi?" akauliza. "Hamjuani, hujamwandikia, hujui anakaa wapi. Anauliza tu, anakuona?"

"Ndiyo, mama. Mradi aulize maneno niliyoyaweka."

Aliendelea kupakulia mpaka basi la mwisho lilipoondoka. Ndipo alipokuja akaketi mkabala nami, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia kwa nini alihamia stendi. Mgaza ni mtoto wake wa kwanza. Miaka sita kabla ya hapo waligombana huko Kwedizinga, ugomvi wa shamba, wa kawaida tu, wa kumalizwa na wazee kwa kikombe cha chai. Lakini katika ugomvi ule mama alitamka neno. Alimwambia, "Hutanizika." Nikamwona Mwanahawa akiinamia cherehani, akijifanya anatafuta sindano. Mimi nilikuwa nimeshasoma vitabu vingi kuhusu laana, nadharia zake na wataalamu wake, na hakuna kilichoniandaa kuiona ikiwa imekaa mbele yangu imevaa kanga. Kijana aliondoka usiku uleule. Waliomwona mara ya mwisho walisema anaelekea Sauzi. Neno la mama likishatoka, alisema, halirudishwi kwa simu wala kwa barua. Mama huchukua maji kinywani, akampulizia mwanawe kifuani, akasema nimekuachilia. Ni lazima awe mama mwenyewe, tena awe hai. "Nikifa nalo, atatembea nalo mpaka kwa wajukuu," alisema. Juu ya rafu, nyuma ya chumvi, kulikuwa na kikombe cha bati kilichofunikwa kwa kisosi. Nilikuwa nimekiona mwezi mzima nikidhani ni cha mteja maalumu. Kila Ijumaa alimwaga maji ya wiki iliyopita, akaweka mapya.

"Niandikie," alisema. "Mwambie maji yapo."

Naona aibu sasa kukumbuka nilivyofurahi. Sikuwaza laana, nilifurahi kama fundi aliyepewa mbao nzuri. Kesho yake nilikuja na daftari, nikamwambia tutaandika "Mgaza rudi nyumbani", tuweke jina kila mahali, akijitafuta atajikuta. Nilimweleza habari za vichwa vya makala, sentensi ya kwanza, maelezo ya picha. Alisikiliza yote huku anamenya muhogo.

"Wewe Mwalimu," akasema mwisho, "ukiwa mbali na kwenu, unaliuliza jina lako?"

"Hapana."

"Unauliza nini?"

Nikafikiri. Nilikuwa chuo miaka mitatu, na jambo pekee nililokuwa nikiwauliza watu wa kwetu lilikuwa kama kuna anayeuza viazi vya Lushoto. "Chakula," nikasema.

"Basi," akasema, akatumbukiza muhogo kwenye maji. "Mgaza siku akiumwa, siku akiwa na homa huko aliko, atataka bada. Na hajui kusonga, alikuwa mvivu jikoni kama wewe. Atauliza namna ya kusonga. Mie nikufundishe wewe, wewe umfundishe yeye."

Meneja, na wote waliomfundisha Meneja, hawakuwahi kuliona hilo. Kwenye blogu yangu niliandika "Jinsi ya Kusonga Bada la Muhogo na Kupika Mlenda wa Kizigua, Kama Nyumbani Kwedizinga". Alinisomea mapishi kwa mdomo, nami nikamkatiza kwa vipimo. "Unga kiasi gani, mama?" "Unga wa kutosha." "Maji?" "Mpaka yakubali." Mwanahawa alidakia kwamba makala hii itaua watu. Hatua ya kwanza ilikuwa kuchemsha maji, ya pili kutia unga, ya tatu kusonga bila kupumzika, hata mtu akiita mlangoni. Hatua ya nne ilisema: "Ukimaliza kusonga, Mgaza, funika. Maji yapo. Mama yako yuko stendi ya Korogwe, mkabala na mabasi yanayotoka kaskazini." Hatua ya tano ilirudi kwenye mlenda. Nikapiga picha ya sufuria, na chini yake, kwa ajili ya mtambo usioona, nikaandika: bada la muhogo, Kwedizinga, Handeni, mama anasonga.

Ilichukua wiki mbili kufika nafasi ya kwanza. Nisijisifu, hakukuwa na mtu mwingine katika mashindano hayo. Duniani kote hakuna aliyekuwa ameona haja ya kulieleza bada kwa maandishi. Niliyaandika yale maneno ya kutafutia kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi, nikampa Mama Mgaza, nikamwambia ayaonyeshe kwa yeyote mwenye simu nzuri ili ajionee mwenyewe. Akakitundika juu ya rafu, karibu na kikombe. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Alitaka kujua kama makala itakaa pale juu siku zote. Nikamweleza, kwa lugha niliyoona ataielewa, kwamba ukurasa ni kama njia ya shambani. Ikipitiwa inabaki wazi, isipopitiwa inaota nyasi, na mwisho hata mwenye shamba haioni.

Wasomaji walikuja. Maoni yao niliyasoma kwa sauti barazani. Mmoja aliuliza kama anaweza kutumia sembe. Mwingine aliuliza kama mlenda unaongeza nguvu za kiume, na swali hilo likapata majibu mengi kuliko lolote nililowahi kuandika. Mama mmoja aliandika kwamba hatua ya nne haijaeleweka, huyo Mgaza ni kiungo gani, na unampata sokoni? Mwanahawa alicheka mpaka akachoma kidole kwa sindano. Mama Mgaza alicheka pia, kwa heshima, kisha akauliza, "Hakuna mwingine?" Wakaja na akina Mgaza. Watatu, kila mmoja na hadithi yake ya matatizo na namba ya kutumiwa nauli. Mama hakukasirika. Alinituma nimuulize kila mmoja mti gani ulioanguka juu ya jiko la nyumbani. Wa kwanza alisema mwembe, wa pili mnazi, wa tatu alinitukana. Hapakuwa na mti wowote ulioanguka. "Mwanangu angejua," alisema, na siku ile mlenda ulikuwa na chumvi nyingi.

Kufikia mwezi wa saba kelele zilikuwa zimeisha. Blogu ilikuwa na ukurasa wa takwimu, unaoonyesha wangapi wamefungua, saa ngapi, na walitafuta kwa maneno gani. Siku nyingi ulikuwa sifuri. Ila niligundua jambo. Kila Ijumaa, baada ya saa nane mchana, alikuja msomaji mmoja. Mmoja tu. Alikuja kwa maneno yaleyale, "bada na mlenda wa Kizigua", bila herufi kuzidi wala kupungua, akafungua ukurasa ule, akaondoka. Ramani ilionyesha Tanzania, ikiwa imepakwa kijani nzima kutoka Kagera hadi Mtwara, isiniambie zaidi. Nilingoja Ijumaa tano ili niwe na uhakika, kama msomi anavyopaswa. Kisha nikaingia barazani nikiwa siwezi kuficha meno.

"Mama, kuna mtu. Kila Ijumaa, saa nane, mtu yuleyule. Na yupo nchini. Si Sauzi, yupo hapahapa nchini!"

Cherehani ya Mwanahawa ilisimama. Mama Mgaza alikuwa anapepeta unga. Aliendelea kupepeta kwa muda, akautazama ungo, akanitazama mimi.

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Na wewe unamwona huko ndani."

"Namwona, mama. Anasoma mpaka hatua ya nne, naamini."

"Basi usiifute," akasema. "Mwalimu, uniahidi. Hata ukienda mbali, usiifute." Nikaahidi. Mwanahawa hakunitania siku ile, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amejawa na furaha.

Mwaka ule uliisha nami nikapata kazi ya kuhariri huko Dar, nikaondoka na begi moja na ahadi hiyo. Yaliyofuata ni ya kawaida. Nimeandika vitabu viwili vya insha ambavyo maduka huviweka karibu na kalenda. Lakini niseme ukweli, ukurasa ule wa takwimu niliufungua kila Ijumaa, nikiwa ofisini, nikiwa harusini, mara moja nikiwa hospitali mke wangu akijifungua. Siku za kukata tamaa, na mwandishi wa insha ana nyingi, nilijiambia kwamba walau mtu mmoja ananisoma, na ananisoma kwa sababu ya kufa na kupona. Nimewahi hata kusimama mbele ya vijana wanaojifunza kuandika nikawaambia waandike kwa ajili ya mtu mmoja, anayetafuta mlango. Walinipigia makofi. Nilikuwa namwona Mgaza katika chumba fulani, Mwanza au Mbeya, anakaribia kila wiki na kuogopa kila wiki. Kila nilipopita Korogwe nilimwambia mama, "Bado anakuja." Naye alijibu, "Alhamdulillahi," akanipakulia.

Tulimzika Kwedizinga, kwenye udongo mwekundu nyuma ya nyumba ambamo ugomvi ulianzia. Mimi si Mwislamu, nilisimama pembeni na kofia ya kuazima. Mwili ulipofikishwa, mzee mmoja akauliza, kwa utaratibu tu, maana ndivyo inavyoulizwa, mtoto wa kiume yuko wapi aingie kaburini kumpokea mama. Nilijikuta natazama barabarani, na nikaona nusu ya watu wanatazama hukohuko. Kisha akaingia mtoto wa kaka yake, na koleo zikaanza.

Baadaye Mwanahawa alinikuta nimeketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi wa cherehani. Nikamwuliza simu yake imepatwa na nini hata isikike vile. Akaitoa kwenye pindo la kanga, akaitazama kama mtoto mtukutu.

"Aliilowesha yeye. Ijumaa ya mwisho, hawezi hata kuinuka. Akaniambia nimfungulie ile yako. Nikamfungulia. Akaniambia nilete kikombe. Nikadhani ana kiu. Akachukua maji kinywani, akayapuliza yote kwenye kioo cha simu, akasema, nimekuachilia, mwanangu. Mara tatu. Mpaka leo nikiongea watu wananiambia niko kisimani."

Taratibu, kama mtu anayesoma sentensi kwa mara ya pili, nikauliza: "Umesema Ijumaa. Umfungulie?"

Kwa mara ya kwanza Mwanahawa hakuniita Msomi. "Baba," akasema, "ulifikiri nani?"

Akanieleza. Mwanzoni walikuwa wanaazima simu ya kondakta wa basi la saa nane, wakamwonyesha kile kipande cha boksi akawaandikia. Baadaye Mwanahawa alinunua yake. Kila Ijumaa, maji mapya kwenye kikombe, kisha ukurasa. Ili njia isiote nyasi, kama nilivyofundisha.

"Na siku ile niliyomwambia kuna mtu?"

"Ile siku mimi nilitaka kukwambia. Akanikanyaga mguu. Ulivyoondoka akasema, muache, akijua hakuna mtu, ataifuta. Halafu akasema kijana wa watu hana kingine." Akapangusa miwani. "Alikuwa anakuhurumia sana, unajua. Sasa niulize. Niendelee, au niache?"

Nikamwambia aache. Nilisema kwa sauti ya mtu mzima mwenye akili, kwamba hakuna anayekuja, hajawahi kuja, na mwenye maji hayupo tena. Mwanahawa akaitikia kwa kichwa na kuirudisha simu kwenye pindo.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa ofisini Dar. Mpaka saa tisa takwimu ilisoma sifuri. Nikachukua simu yangu, nikaandika bada na mlenda wa Kizigua. Makala yangu ilikuja ya pili. Juu yake kulikuwa na binti mmoja mwenye video na sufuria safi, na kusema kweli vipimo vyake vinaeleweka. Nikashuka, nikaibonyeza ya kwangu, nikasoma mpaka hatua ya nne. Kisha nikarudi kwenye takwimu. Ilisoma moja. Tangu niiandike makala ile, hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyomjua msomaji wangu kwa jina.